Kiti cha Mwaka Mmoja

Kabrasha lilifika saa tatu usiku, mkesha wa kikao. Mhudumu wa ofisi alilibeba mwenyewe hadi mlangoni mwa chumba chetu bwenini, akanipa daftari nisaini, akasema, "Mheshimiwa, kesho saa tatu kamili." Nilikuwa mbunge wa kitivo katika serikali ya wanafunzi, na wabunge wenzangu walikuwa wamenipigia kura nikawawakilishe kwenye kamati moja ya juu ya chuo. Chumba kilikuwa cha watu wanne. Usiku huo tulilala sita, maana wawili waliokosa vitanda walikuwa wamebebwa, na wote walilitazama lile furushi kana kwamba nimeletewa mahari. Lilikuwa na kurasa 140 za Kiingereza cha wahasibu, na saa moja na nusu asubuhi nilikuwa na jaribio la takwimu.

Nilisoma hadi saa nane usiku. Mambo yanayohusu wanafunzi niliyakuta ukurasa wa 96, aya mbili, baada ya ukarabati wa magari na kabla ya bustani.

Kikao kilianza kwa wakati, hilo siwezi kulilalamikia. Palikuwa na maji ya chupa, sambusa, vipaza sauti vyenye taa nyekundu. Yakapita majengo, manunuzi, rufaa za watumishi. Zamu yangu ilifika saa nane mchana, kwenye "mengineyo", wajumbe wakiwa wameshafunga makabrasha na harufu ya pilau ikipenya kutoka chumba cha pili. Nikasema kuhusu maji. Bweni la wasichana lilikuwa na ghorofa nne, na mabomba ya juu hayakutoa tone kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, kwa hiyo wasichana walishuka na ndoo gizani. Mwenyekiti alinisikiliza kwa upole, na nadhani ulikuwa upole wa kweli. "Tunashukuru, mwakilishi. Limepokelewa." Miezi minne baadaye nililetewa muhtasari niuthibitishe. Suala langu lilikuwa sentensi moja: kikao kilipokea taarifa ya mwakilishi wa wanafunzi. Muhula wangu ulikuwa umebakiza wiki tano.

Sijui kitenzi chenye ukarimu mwingi na kazi kidogo kama hiki cha kupokea.

Ukiutazama ushiriki wa wanafunzi katika utawala wa vyuo vikuu kama mradi, kwenye karatasi umekamilika. Tanzania ina Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, vyuo vina hati idhini, na humo mwanafunzi anatambuliwa kuwa mjumbe wa vyombo vinavyoamua. Kuna katiba za serikali za wanafunzi zenye rais, mawaziri, bunge na spika. Kuna TAHLISO, jumuiya inayoziunganisha serikali hizo nchi nzima. Mkaguzi akija na orodha yake ataweka alama ya tiki kila kisanduku na kuondoka kabla foleni haijaanza. Ila mkaguzi wa namna hiyo haulizi kabrasha lilifika saa ngapi.

Kiti hiki hakikuletwa kwa hisani. Pale Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kizazi cha kwanza cha wanafunzi hakikuwa na kiti mezani, kilikuwa na miguu. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana kwenda Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwapokea, akawasikiliza, kisha akawafukuza karibu 400, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu hukumbuka kufukuzwa na kusahau mshahara. Mimi naona ndilo jambo la ajabu zaidi: vijana walikwenda kulalamikia masharti yao, wakasema pia kwamba wakubwa wanaishi vizuri mno, na hoja hiyo ya pili ndiyo iliyojibiwa kwa vitendo hapo hapo, ingawa walioitoa hawakuwapo tena darasani kuifurahia.

Julai 1971 ilikuja zamu ya Symonds Akivaga, mwanafunzi kutoka Kenya aliyekuwa rais wa DUSO, jumuiya ya wanafunzi ya wakati huo. Chuo kilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kiwe chuo kikuu kamili, Julai 1970, na Makamu Mkuu wa Chuo alikuwa Pius Msekwa. Akivaga alimwandikia barua ya wazi kuhusu namna chuo kinavyoendeshwa. Alichukuliwa na askari wenye silaha mchana kweupe, mbele ya wenzake, akarudishwa kwao. Wanafunzi wakasusa madarasa, na baadhi ya walimu wakasimama nao. Tofauti na 1966, ugomvi wa safari hii haukuhusu jeshi wala serikali kuu. Swali lilikuwa la ndani ya geti: nani anakaa kwenye vikao, na nani anaambiwa tu matokeo.

Kisha Machi 1978. Wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza za marupurupu ya mawaziri na wabunge. Zaidi ya 350 walifukuzwa, DUSO ikapigwa marufuku, mahali pake ikawekwa MUWATA iliyokuwa chini ya mbawa za chama tawala. Hiyo nayo ni namna ya kutekeleza mradi wa ushiriki: unakiacha kiti, unambadilisha anayekikalia. Jumuiya ya DARUSO tunayoijua leo ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya chuo kufungwa Mei 1990 kwa sababu ya migomo.

Lakini tusiwapake wanafunzi wa zamani mafuta ya utakatifu. Mwaka huohuo wa 1990, mwezi Februari, mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa na genge la Mzee Punch, lile lililokuwa likibandika ukutani vijembe na michoro ya kuwadhalilisha watu. Mzee Punch alikuwa amejiita sauti ya wanafunzi. Wapo wazee wa Mlimani ambao hadi leo wakisimulia enzi zao hucheka wakifika hapo, halafu wananyamaza. Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema "turudishe moto wa zamani", huwa namuuliza moto upi.

Turudi kwenye kiti. Kabla hata ya kufika kwenye ujasiri au uoga wa viongozi, hesabu ya kalenda peke yake inatosha kuuangusha mradi huu. Chukua chuo cha kawaida. Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi hufanyika karibu na mwisho wa mwaka wa masomo, tuseme Mei. Kiongozi anaapishwa, anapiga picha na suti ya kuazima, na wiki chache baadaye anaingia mitihani. Kisha watu wanakwenda mafunzo kwa vitendo, mmoja Kigoma, mwingine Lindi, baraza la mawaziri zima linaishi kwenye kundi la WhatsApp. Chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba. Mwezi mzima unamezwa na wageni wa mwaka wa kwanza: vyumba, usajili, mikopo iliyokosa majina. Januari anaanza kuelewa nani ana ufunguo wa nini. Februari mitihani ya muhula. Machi anapata kikao chake cha kwanza cha maana, Aprili kampeni za watakaomrithi zimeanza, na kila neno analosema linasikika kama la mtu anayeondoka.

Juu ya hayo, mwaka wa fedha huanza Julai mosi na kufungwa Juni 30. Bajeti ya mwaka anaoongoza ilipangwa kabla hajachaguliwa. Bajeti atakayochangia kuipanga itatumika akiwa nyumbani kwao anatafuta kazi. Ukimwuliza kiongozi wa wanafunzi amefanikisha nini, unamwuliza mtu aliyepanda daladala kituo cha katikati kwa nini gari limepita njia hii.

Upande wa pili wa meza hakuna mwenye tatizo hilo. Afisa mipango ana miaka 11 kazini, mhasibu 17. Wameshapokea wawakilishi wa wanafunzi wengi na wanajua kwamba kila mmoja ana mwisho. Hawahitaji kukukatalia. Wanaweza kukubaliana nawe tu, wakasubiri.

Mfano mzuri wa mpango na uwanja kutofautiana upo hapohapo Mlimani, na nchi nzima iliuona. Malazi yalikuwa kilio cha miaka. Kubebana hakukuanzishwa na watu wapenda karamu, kulitokana na vitanda kuwa vichache kuliko wenye namba za usajili. Tarehe 15 Aprili 2017 yalizinduliwa mabweni ya Magufuli: majengo 20 ya ghorofa, nafasi za wanafunzi 3,840, kwa shilingi bilioni 10, yaliyojengwa na Wakala wa Majengo Tanzania. Gharama ilikuwa ndogo kiasi cha kuwashangaza hata wakandarasi. Kilio cha muda mrefu kilikuwa kimejibiwa, na aliyekijibu alikuwa Rais mwenyewe, kwa amri, kwa kasi ambayo kamati yoyote yenye makabrasha isingeifikia katika maisha ya wajumbe wake.

Desemba mwaka huo picha za nyufa zilisambaa mitandaoni. Wakala ukaeleza kuwa zile si nyufa za hatari, ni sehemu za viungo zilizoachwa ili jengo lipate nafasi ya kutanuka na kujikaza. Inawezekana kabisa. Mimi si mhandisi, na mabweni yale yameendelea kulaza watu. Kinachonihusu ni kilichompata mwanafunzi aliyehusishwa na kusambaza picha: alishikiliwa na polisi. Hapa ndipo nilipokuwa nataka kufika. Chuo chenye mwakilishi wa wanafunzi kwenye kila kikao, chenye waziri wa malazi katika serikali ya wanafunzi, kilijikuta hakina mlango ambao mkazi wa chumba angeupitia kusema "ukuta wangu una mstari" na kujibiwa na fundi badala ya askari. Kama angekuwapo mtu wa kumjibu siku ile ya kwanza kwa sentensi mbili kuhusu viungo vya jengo, ile picha ingebaki kwenye simu yake.

Au mikopo. Neno la mtaani ni bumu, na mwanafunzi anaweza asijue jina la mkuu wa idara yake akajua bumu linaingia lini. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005, na tangu hapo nusu ya siasa za wanafunzi imekuwa siasa za bumu. Serikali nyingi za wanafunzi zina hata waziri wa mikopo, cheo ambacho kwenye serikali ya wakubwa hakipo. Desemba 2019 viongozi wa DARUSO waliipa Bodi saa 72 kumaliza malalamiko ya waliocheleweshewa fedha. Chuo kikajibu kwa kuwasimamisha masomo viongozi hao. Nimelifikiria sana lile tamko la saa 72. Wengi waliliita utovu wa adabu. Mimi naliona kama hesabu ya mtu mwenye muda mfupi: ukiwa na miezi sita ya kazi halisi, na kila barua inachukua wiki tatu kujibiwa kwa neno "limepokelewa", saa 72 hazionekani kuwa chache. Makosa yao, kama yapo, yalikuwa kufunga mlango wa nyuma. Tamko la saa likishatolewa hadharani, anayepewa saa hizo hawezi kutekeleza bila kuonekana ametishwa, hata kama fedha zilikuwa njiani.

Kwenye mikopo hiyohiyo kuna madai yaliyochukua njia ndefu. Mwaka 2016 marekebisho ya sheria yalipandisha makato ya mnufaika aliyeajiriwa hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kulikuwa pia na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyofanya deni liongezeke huku ukilipa. Wahitimu walilia, wanafunzi walilia, vyama vya wafanyakazi vikalia. Tozo ile iliondolewa 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuifuta kwenye sherehe za Mei Mosi. Hesabu miaka hiyo: aliyeanza shahada ya miaka mitatu 2016 alishahitimu 2019. Viongozi wanne au watano wa kila chuo walikuwa wamepokezana kijiti bila hata mmoja kuvuka mstari. Hoja iliyoshinda ilikuwa ile iliyokuwa na wenyewe wa kudumu, yaani wafanyakazi, ambao kila Mei Mosi wapo uwanjani palepale na orodha ileile.

Majirani zetu walijaribu tiba nyingine. Chuo Kikuu cha Nairobi kina historia yake nzito: SONU, jumuiya ya wanafunzi iliyoanzishwa 1982, ilimtoa Tito Adungosi, mwenyekiti aliyefungwa miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo na kufia gerezani 1988. Miongo mitatu baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Chaguzi za wanafunzi zilikuwa zimekuwa kioo cha siasa za nje, zikiwa na fedha, ukabila, mabango makubwa na vijana wa kukodi, na mwanzoni mwa Aprili 2016 chuo kilifungwa kwa ghasia zilizofuata uchaguzi wa SONU. Mwishoni mwa mwaka huo Kenya ikabadilisha Sheria ya Vyuo Vikuu. Badala ya kila mwanafunzi kumpigia kura mwenyekiti, idara au vitivo viligeuzwa kuwa vikundi vya uchaguzi, kila kimoja kichague wajumbe watatu wasio wote wa jinsia moja, na wajumbe hao ndio wachague baraza la wanafunzi. Mwenyekiti na makamu wake wawe wa jinsia tofauti. Muhula ukawa mwaka mmoja, na kurudi mara moja tu.

Mpango ulikuwa na mantiki. Watu wachache, kelele chache, na wanawake kuhakikishiwa nafasi ambayo kura ya jumla ilikuwa ikiwanyima mara kwa mara. Hilo la wanawake naliona ni faida ambayo haitajwi inavyostahili. Lakini ukizungumza na waliopitia chaguzi hizo utasikia kilichotokea uwanjani: mgombea aliyekuwa akihitaji kuwanunulia soda maelfu sasa anahitaji kuwapata wajumbe kadhaa, kuwalaza hoteli moja usiku wa kuamkia kura, na kuzikusanya simu zao. Rushwa haikufutwa, ilipunguziwa nauli. Na mwanafunzi wa kawaida, aliyekuwa angalau anajua sura ya mwenyekiti wake kwa sababu alimpigia kelele kwenye kampeni, sasa anamjua kwa barua yenye mhuri. Sheria ilitaka kutibu homa ya uchaguzi na ikaugusa muda wa uongozi kwa kuuwekea ukomo tu. Mwaka ukabaki mwaka.

Nirudi kwenye yale maji, maana hatimaye yalitoka, na si kwa sababu yangu.

Katika lile bweni alikuwapo dada mmoja wa mwaka wa pili aliyechaguliwa kusimamia ghorofa ya nne. Cheo chake hakikuwa na "mheshimiwa" wala posho. Alinunua daftari la kaunta, akachora mistari kwa rula, na kila usiku akaandika saa maji yalipokatika na alfajiri saa yaliporudi. Akifunga safari kwenda kwao, alimwachia mwenzake. Baada ya siku 47 alikwenda nalo, si kwenye kamati, bali kwenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na kutoka pale akaomba apelekwe kwa mafundi wa maji. Fundi mmoja mzee aliziangalia kurasa na kuuliza mbona Jumanne na Ijumaa maji hayakukatika. Hakuna aliyekuwa amelitambua hilo, hata yeye mwenye daftari.

Jibu lilipatikana kibanda cha pampu. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu iliwashwa na kuzimwa kwa mkono. Malipo ya saa za ziada ya waendeshaji yalikuwa yamesimama tangu mwaka wa fedha uliopita, kwa hiyo waliizima saa tatu na nusu na kwenda zao, na tangi likaisha baada ya nusu saa. Jumanne na Ijumaa ilikuwa zamu ya mtu aliyekaa nyumba za chuo, hatua chache kutoka kibandani, ambaye alikuwa akitoka kuiwasha tena bila kuambiwa na mtu. Katika kurasa zangu 140, ukosefu wa maji ulikuwa umeelezwa kuwa unatokana na uchakavu wa miundombinu na kuombewa mamilioni. Mafundi walibadilisha zamu wiki ileile. Madeni ya saa za ziada yalilipwa baadaye, sehemu yake.

Nilimwuliza yule dada kwa nini hakunipa daftari nilipeleke kikaoni. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hakuwapigia simu zimamoto kwa ajili ya kibiriti. "Kaka, wewe ulikuwa unakwenda kuongea na watu ambao hawajui pampu iko wapi."

Alihitimu, nami nikahitimu. Miaka kadhaa baadaye nilialikwa pale chuoni kuzungumza na wabunge wapya wa wanafunzi, na nikafika mapema. Kijana wa katibu mkuu wa serikali ya wanafunzi alinikaribisha ofisini kwao: meza mbili, bendera, feni isiyozunguka, picha za marais waliopita zikiwa zimepangwa ukutani, wote wakiwa na tabasamu la Mei. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na boksi la karatasi za kuchapia, na juu yake daftari la kaunta lenye mgongo mwekundu. Nililitambua kwa ile mistari ya rula.

Nusu ya mbele ilikuwa vilevile: tarehe, saa, saa. Kuanzia katikati mwandiko ulibadilika. Yalikuwa majina ya watu, na mbele ya kila jina herufi, M, L, XL, L, na kiasi alicholipa. Oda za fulana za wiki ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza.

"Maji usiku yanatoka bweni la wasichana?" nikamwuliza.

"Ghorofa za juu hayatoki, mkuu. Ila tumeliingiza kwenye ajenda." Akanyoosha mkono nimpe daftari, akarudi kurasa za mwanzo, akazisoma taratibu huku midomo ikicheza. Akafunua nyingine, na nyingine. "Kumbe hii shida ni ya zamani?" Nikaanza kumweleza habari za pampu. Simu yake ikaita. Fulana zilikuwa zimefika getini na mwenye pikipiki alikuwa anadai hela yake.